Lalamiko la Kwanza la Mama

Nimesoma utalii jioni. Hili namwambia mtu yeyote anayekaa karibu yangu zaidi ya dakika mbili, na asiyekaa namfuata. Mchana nilikuwa nauza vitumbua pale Ufukoni. Jioni nafuta mafuta mikononi, navaa sketi nyeusi, naingia darasani kujifunza namna ya kumpokea mgeni ambaye, kwa mujibu wa kitabu, atashuka kwenye ndege akiwa amechoka na ana haki zote za kukasirika.

Darasa lenyewe lilikuwa chumba cha kuazima katika shule ya msingi, na madawati yalikuwa ya watoto. Mimi ni mwanamke mwenye mwili. Lile dawati sikulikalia, nililivaa. Nikisimama kujibu swali, linasimama pamoja nami, na wenzangu wanaliombea lirudi chini salama.

Mwalimu wetu alikuwa mama wa pwani aliyestaafu kazi ya mapokezi. Ukimsikiliza, amepokea watalii wengi kuliko samaki wote waliowahi kuvuliwa Mikindani. Alitufundisha kwamba utalii una maneno yake, na asiyeyajua ataishia kubeba mabegi. Watu watatu si watu watatu, ni paksi tatu. Mgeni anayekula kwako asubuhi, mchana na jioni yuko fulu bodi. Anayekula asubuhi na jioni tu, mchana haonekani, huyo ni hafu bodi. Usiku uleule nilimwambia mpangaji mwenzangu kwamba mumewe yuko hafu bodi, akakubali bila kuuliza maana yake.

Niliyapenda maneno yale kuliko nguo mpya. Kinywaji cha makaribisho, ratiba, msimu wa juu na msimu wa chini. Nilikuwa nageuza vitumbua huku nayataja, wateja wakidhani nasoma dua.

Lakini neno ambalo Mwalimu alilipenda zaidi ya yote lilikuwa lalamiko. Aliliandika ubaoni kwa herufi kubwa akalipigia mstari hadi chaki ikakatika.

"Mgeni anayelalamika amejisikia yuko kwake," alisema. "Asiyelalamika kutwa nzima, ama kalala, ama anakuonea huruma. Hatua ni nne. Unasikiliza. Unaomba radhi. Unarekebisha. Halafu unarudi kuuliza kama sasa ni sawa. Hii ya nne ndiyo mnayoisahau wote, wazembe nyie."

Mtihani wa mwisho ulikuwa wa vitendo: kila mwanafunzi atembeze wageni siku nzima, Mwalimu akiwemo ndani ya gari, na wakati wowote wa ziara apatikane mgeni mmoja mwenye lalamiko la kweli, lishughulikiwe mbele ya macho yake. "Bila lalamiko sijakupima," alituonya. "Nitakuwa nimetembezwa tu."

Kwangu mtihani ule haukuwa mchezo. Kuna hoteli moja Mikindani ilikuwa imeniahidi kiti cha mapokezi nikileta cheti kabla ya mwisho wa mwezi. Nikifeli, nirudie mwaka unaofuata, na kile kiti kitakuwa kimeshapata makalio mengine.

Tatizo, ulikuwa msimu wa chini. Mvua inanyesha, watalii hakuna. Mtwara nzima tulibakiwa na mzungu mmoja, na wenzangu watatu walishamshika kabla yangu. Wiki ile alipelekwa Mikindani mara tatu, akaonyeshwa mlango uleule wa nakshi mara tatu, na kila mara akasema "Ooh." Kumwomba mara ya nne ningefungwa.

Nikakumbuka kwamba hata sisi ni watu. Kitabu kina neno lake: utalii wa ndani. Nikapiga simu nyumbani Mahurunga, si kwa mama, kwa mjomba kwanza, maana kwetu Wamakonde huwezi kumchukua mama ukamtembeza bila kaka yake kujua.

"Mjomba, shikamoo."

"Marahaba, mpwa wangu. Nani kafa?"

"Hajafa mtu, mjomba. Nataka kuwafanya watalii. Wewe na mama."

"Tumekukosea nini?"

Nilimweleza hadi salio likakaribia kukata. Mwisho akauliza watu wangapi wanahitajika. Nikasema paksi tatu. Akauliza paksi ni nini. Nikasema ni yeye.

"Nangu?" akasema, Kimakonde kikimtoka kwa mshangao. "Mimi, mwenye mashamba mawili ya mikorosho, nimekuwa paksi?" Lakini akakubali. Wa tatu akamchagua yeye mwenyewe: mtani wa ukoo wetu, mzee jirani ambaye kazi yake duniani ni kututukana, na sisi kazi yetu ni kucheka na kumpa chakula.

Hapa lazima niseme kuhusu mama. Katika maisha yangu yote sikuwahi kumwona mama akinawishwa mikono. Nyumbani tulikula hivi: jagi na beseni vinaanza kwa mjomba kama yupo, kisha wageni, kisha wakubwa, kisha watoto. Na ukishanawa umenawa, hushiki kitu kingine mpaka umalize kula. Ukishika hata mwiko, unanawa upya na kusemwa juu. Mama alikuwa wa mwisho kunawa, tena peke yake kule nyuma, kwa sababu kila tukikaa kuna kitu kinakosekana na ni yeye wa kukifuata. Chumvi haitoshi, anainuka. Mboga imepoa, anainuka. Hakuwahi kulalamikia chakula, maana hakuwahi kukaa akakosa namna ya kukirekebisha mwenyewe.

Siku ya ziara nilifika Mahurunga na gari la binamu yangu. Mwalimu amekaa mbele, kalamu mkononi. Mjomba yuko tayari na kanzu na mwavuli, kama anakwenda kuoa. Mama alikuwa ameamka kabla ya jogoo, akapika chai ya watalii, yaani yeye mwenyewe, na chai ya kiongozi wao. Pembeni yake kulikuwa na kikapu kikubwa cha ming'oko, vile viazi vyetu vya porini, imechemshwa na inafuka moshi.

"Mama, hiyo ya nini? Mtalii habebi chakula."

"Tutaingiaje kwa watu mikono mitupu?"

Nikatoa kinywaji cha makaribisho, madafu matatu. Mjomba alikunywa. Mtani alikunywa akasema dafu lina sura yangu. Mama alilipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akampa dereva.

Kituo cha kwanza, Madimba. Tulisimama barabarani tukatazama kiwanda cha gesi kwa mbali. Nikapanga sauti, nikaeleza jinsi gesi inavyotoka hapa ikasafiri ndani ya bomba hadi Dar es Salaam. Huenda niliongeza kidogo urefu wa bomba. Nilipomaliza lilikuwa limekaribia kufika Misri.

"Mnaonaje?" nikauliza, natega sikio.

"Nzuri," akasema mjomba.

"Ni uzio mzuri sana," akasema mama. "Wamejitahidi."

"Kwa hiyo gesi imefika Dar kabla yangu!" akafoka mtani. "Mwalimu, andika! Kiti kinanichoma makalio, kiongozi ananuka vitumbua, na hili gari lilikufa zamani, wamesahau kulizika tu!"

Moyo uliruka nusura unitoke mdomoni. Malalamiko matatu kwa pumzi moja! Nikaingia hatua ya kwanza, nikakunja uso wa kusikiliza. Mwalimu akageuka polepole.

"Huyu mzee ni nani kwenu?"

"Ni… ni mtani wetu, Mwalimu."

Akafunga kalamu. "Mtani hahesabiwi. Huyu hata akiingia peponi atalalamikia kivuli."

"Kivuli cha peponi ni kidogo, nimesikia," akajibu mtani, na wale wawili wakacheka kama wamezaliwa nyumba moja, huku mimi najiona narudi kwenye kikaango.

Mikindani nilikuwa nimepanga ziara ya mji kwa saa moja. Kitabu hakijawahi kukutana na mama. Mama hapiti mtu bila kumsalimia, na salamu yake haiishi kwenye "hujambo". Anauliza watoto, mguu uliokuwa unauma, na mvua ya huko. Wale hawamjui, lakini walijibu yote, hata habari ya mguu. Tulipofika kwenye nyumba ya mawe yenye mlango wa nakshi, nikaanza kueleza kwamba mlango ule uliinuliwa na wanaume arobaini, Mwalimu akakohoa, nikapunguza wakawa sita. Kugeuka, mama hayupo. Yuko nyumba ya pili, ameshamnyang'anya dada mmoja mjamzito ufagio na anamalizia kufagia uwanja.

"Mama! Wewe ni mtalii!"

"Nimeshamaliza, mwanangu, ni pale kidogo tu."

"Lakini umefurahia ziara? Hakuna kilichokuudhi? Jua? Mwendo? Mimi mwenyewe?"

Akanifuta jasho usoni kwa ncha ya kanga yake. "Mwanangu, kila kitu kizuri. Unaeleza vizuri sana. Mungu akupe."

Nilitamani kulia. Mwalimu alikuwa anatazama bahari. Mjomba naye alishatamka "nzuri" mara nyingi hivi kwamba neno lilikuwa limechakaa. Kwao kutia dosari kitu ambacho mtoto wao amewapa kulikuwa ni kumvua nguo hadharani. Walikuwa wananipenda, na mapenzi yao yalikuwa yananifelisha.

Ikabaki chakula cha mchana. Tulikula kwenye hoteli ileile iliyoniahidi kiti, meza iko barazani, kitambaa cheupe. Nilikuwa nimeagiza vyakula vya asili: ugali wa muhogo, samaki wa kukaanga, kisamvu. Mama alipeleka kikapu chake cha ming'oko jikoni, akakipokea mpishi mwenyewe kwa furaha. Vizuri. Akarudi. Akaketi kidogo, akaenda tena kuuliza kama wanahitaji msaada. Akarudi. Nilipomaliza kumwonyesha mjomba jinsi feni inavyozungushwa, mama hayupo mara ya tatu. Nikamkuta jikoni, kanga ameifunga kiunoni, anasugua sufuria, na wafanyakazi wamesimama ukutani kwa heshima kama mbele ya mkuu wa wilaya.

Darasani tuliambiwa jiko linaitwa nyuma na meza zinaitwa mbele, na mgeni hapiti nyuma. Mgeni wangu alikuwa amehamia nyuma.

Nilimrudisha. Mwalimu alitazama saa yake. Kona ya baraza lilikuwepo bomba la kunawia, lina kioo na sabuni inayonukia, ndilo lililomo kwenye kitabu. Nilijua mama akiinuka kwenda pale, hatarudi, atapitia jikoni. Sijui wazo lilitoka wapi. Nilimwomba mhudumu jagi la maji ya uvuguvugu na beseni. Nikatandika taulo begani, nikaenda upande wa mama, nikapiga magoti na mwili wangu wote huu, baraza likatikisika, nikasema, "Mama, karibu unawe."

Akarudisha mikono nyuma kama nimemletea moto.

"Unaninawisha mimi? Kabla ya mjomba wako?"

Hilo nilikuwa sijalifikiria. Hata mtani alifunga mdomo, jambo ambalo wazee wa Mahurunga hawataliamini nikiwasimulia. Nikamtazama mjomba. Amekaa wima na kanzu yake, mikono iko tayari, kama ilivyokuwa tayari kwenye kila mlo tangu nizaliwe. Akaitazama mikono yake, akamtazama dada yake, akaishusha mapajani.

"Nawa, dada," akasema. "Leo hapa hakuna mjomba. Wote ni paksi."

Mama akaitoa mikono. Nikamwagia maji. Mikono ile imepasuka kwa utomvu wa korosho, ina alama ya kila msimu. Niliisugua taratibu kidole kwa kidole, kama yeye alivyonisugua mimi nikiwa mdogo nimetoka kuchezea matope ya Ruvuma. Nikaikausha kwa taulo. Mama alikuwa anaangalia maji yalivyokuwa yanadondoka kwenye beseni.

Chakula kikaja. Mama akakata tonge, akachovya kisamvu, akatafuna. Akatafuna tena. Nikaona jicho lake linahamia mlango wa jikoni. Goti lake likasogea. Nilimjua: anainuka, anakwenda kukirudisha motoni mwenyewe, na mimi kwaheri. Kisha akaitazama mikono yake. Imeshanawa, ina ugali. Goti likarudi chini. Akatazama jikoni tena, akatazama mikono tena. Mwalimu aliacha kula.

"Mwanangu," akaita kwa sauti ndogo, kama anayeomba siri.

"Abee, mama."

"Hiki kisamvu…" Akasita. Akameza. "Hiki kisamvu hakijaiva."

Wallahi, nilitaka kupiga vigelegele vya kusikika Msumbiji. Nilitaka kumbeba mama na kiti chake. Lakini nilikaza uso, nikainama karibu naye kama Mwalimu alivyotufundisha, nikasikiliza mpaka alipomaliza kueleza kwamba jani lilitwangwa vizuri ila limechemshwa haraka, na kisamvu kikichemshwa haraka kinakwaruza koo, tena nazi imetiwa mapema. Nikasema, "Samahani sana, mama." Nikachukua bakuli kwa mikono miwili, nikalipeleka nyuma. Mpishi hakukasirika hata kidogo; alisema yule mama aliyesugua sufuria akisema hakijaiva, basi hakijaiva. Alikirudisha motoni, akakitia tui jipya.

Nilipochungulia barazani nikamwona mama anasubiri. Amekaa tu. Mkono wa kulia ameuinua kidogo juu ya meza usiguse kitu, na watu wengine wanamhangaikia. Uso wake ulikuwa wa mtu anayesikiliza redio iliyo mbali.

Nikamletea. Akaonja. Nikasimama pembeni, nikaifanya hatua ya nne, ile wanayoisahau wote.

"Sasa kikoje, mama?"

"Sasa kinalika," akasema, akaendelea kula. Hakunishukuru. Hakuniombea. Alikula tu, mpaka bakuli likang'aa.

Basi hapo ndipo lango lilipofunguka. "Na hii feni," mjomba akadakia, "inanipuliza mimi peke yangu tangu nikae. Kosa langu nini?" Nikakimbilia feni. "Na samaki wa mama yako mkubwa kuliko wangu." Nikakimbilia samaki.

Mtani alisukuma sahani yake akashika tama. "Haya, wote mmekuwa walalamikaji. Sasa mimi nifanye kazi gani?"

Safari ya kurudi Mwalimu alizungumzia mvua tu, mtihani hakuugusa. Kalamu ameiweka mkobani. Nililoa jasho ambalo lingetosha kumwagilia bustani ya mchicha. Tulipofika Mahurunga jua lilikuwa bado lipo, mtani alishuka wa kwanza, akapapasa mfuko, akanipa korosho moja iliyokaangwa. Moja. "Bakshishi ya kiongozi," akasema. "Usiifuje." Ninayo hadi leo.

Mwalimu alitaka kuniita pembeni, lakini mama alishamshika mkono. Mgeni hawezi kufika uwanjani pake akaondoka hivihivi. Mkeka ukatandikwa, mihogo ya kuchoma ikaletwa, na kabla Mwalimu hajajipanga, mama ameshapiga magoti mbele yake na jagi.

"Dada, subiri, nilitaka kwanza nimjazie huyu binti al—"

"Nawa kwanza, mwalimu. Alama haziozi."

Akanawa. Akamega muhogo, akatafuna, na nikamwona anatafuta neno. Kisha akalisema, macho makavu kabisa: "Dada, muhogo wako umeungua upande huu."

Nilikaribia kufa. Kwetu hakuna aliyewahi kumwambia mama kitu kama kile. Mama aliinua kichwa. Akasikiliza. "Samahani sana, mgeni wangu," akasema. Akautoa ule muhogo kwenye sahani, akachagua mwingine mweupe, akaukwangua vizuri kwa kisu, akamwekea. Akasubiri kidogo. "Sasa ukoje?"

Mwalimu alicheka hadi akaegemea nguzo ya nyumba.

"Huyu naye ningempa cheti," akasema.

"Na mwanangu?" Mama alikuwa bado amepiga magoti, jagi mkononi, na sauti yake haikuwa na mzaha.

Mwalimu akainua mikono yake juu, ina maji na unga wa muhogo. "Nimeshanawa, dada, siwezi kushika kalamu. Nitaandika kesho." Akanigeukia. "Lakini kafaulu. Vizuri tu."

Vigelegele nilivyovizuia mchana wote nilivitolea pale. Kuku wa jirani hawakutaga wiki mbili.

Sasa nakaa kwenye kile kiti cha mapokezi Mikindani, kinanienea, sikivai. Mgeni akishuka ngazi amekunja uso, maji ya kuogea ni ya baridi, chandarua kina tundu, namshukuru kwa moyo mweupe na yeye anashangaa. Hajui kwamba kila lalamiko linanikumbusha watu wangu watatu waliokubali kuwa watalii kwa ajili yangu, msimu wa chini, wakati hakuna mwingine.

Nikienda nyumbani nanawisha mama kwanza. Mjomba ananung'unika kwamba utalii wa siku ile ulishakwisha, lakini anasubiri zamu yake. Juzi tulikaa kula, samaki wa mchuzi nimepika mimi. Mama akaonja, akaweka tonge pembeni ya sahani.

"Chumvi," akasema, hata hakuniangalia.

Nikainuka mbio.